Miwani ya Shangazi Kwenye Friji

Miwani ya shangazi niliiweka mimi kwenye friji, nyuma ya bakuli la viazi vikuu. Nasema mapema usije ukahangaika kumtafuta mwizi.

Shangazi Kalolaine ni dada mkubwa wa baba yangu, na kwa sisi Watonga, wa visiwa jirani na Fiji, dada wa baba ndiye mkubwa wa nyumba, baba mwenyewe anajua. Chakula alichobakiza hakiguswi. Kichwa chake ndiyo kabisa, hata unywele uliomdondokea begani huutoi. Na hataniwi. Sasa mtu kama mimi, niliyeachana na chuo mwaka wa pili, kwa kuwa kuacha kucheka kwenye mihadhara kulinishinda, ukinipa nyumba moja na mtu asiyetaniwa unanitafutia balaa. Nikaona njia ni moja: nimtanie bila kujulikana. Leo miwani kwenye friji. Wiki ijayo chaki zake za kufundishia kwaya ndani ya mashine ya kufulia, haina maji, mimi si mkatili. Halafu najibanza kwenye korido nisubiri aulize, "Nani kafanya hivi?"

Hakuuliza hata siku moja. Anachukua kitu chake, anakitazama, ananyamaza. Utani ukakosa wa kucheka, nikauacha.

Ana lupus, mwaka wa kumi na moja sasa. Kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inayomshambulia: vidole vinavimba, mashavu yanaiva, na baridi ya hapa Auckland tunakoishi ikifika mwezi wa saba anashika kikombe kwa mikono miwili. Lakini Alhamisi kwaya haikosi. Anasimama ubaoni anaandika namba, moja mpaka saba, kila sauti na mstari wake, maana sisi nyimbo tunazisoma kwa namba, na waimbaji arobaini wanafuata ncha ya chaki yake.

Mimi kazi yangu iko kwenye kituo cha kupiga picha za mwili, palepale ambapo ningekuwa mtaalamu kama ningemaliza chuo. Nawavua watu pete, nawauliza kama wana chuma mwilini, maana mashine ni ya sumaku, nawalaza. Jumanne moja nikachukua orodha ya watu wa utafiti, wale wenye lupus wanaopigwa picha ya ubongo ili ionekane kama ugonjwa umeanza kugusa kichwa kabla mtu hajaumwa vibaya. Jina la tatu: Kalolaine.

Nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo, amevaa gauni la hospitali, ameketi kama yuko kanisani.

"Baba yako hajui," akasema. "Na wewe hujui."

"Sijui, Shangazi. Unaumwa kichwa?"

"Nasahau, Kepu. Miwani nimeikuta kwenye friji. Chaki kwenye mashine ya nguo. Vitu naviweka mwenyewe na sina habari." Akatazama vidole vyake. "Picha ikiwa mbaya, chaki namkabidhi Ungatea wa kwaya, aongoze yeye. Sisubiri niwapotezee watu wimbo mbele ya kanisa."

"Shangazi, ile miwani..."

"Ile miwani ndiyo iliyonileta. Bila hiyo nani angeniingiza kwenye bomba hilo la mashine? Haya, twende, mzungu wenu anangoja."

Nikafunga mdomo. Nikisema, anavaa nguo zake anaondoka, na mimi vidole vile vilivyovimba nilikuwa nimeviona. Apigwe picha kwanza, nitasema baadaye. Uoga nao ulikuwemo, sikatai.

Alipolala kwenye mashine, Bronwyn, mtaalamu wa zamu, akaniita kwenye spika kutoka nyuma ya kioo: "Kepu, mfungie kizimba." Ni kile kizimba cha plastiki kinachofunika uso, kichwa kisicheze. Mikono yangu ikarudi nyuma yenyewe.

"Njoo umfungie wewe," nikamwambia.

"Mimi nina mikono minne?"

Shangazi akafumbua jicho moja. "Funga, wewe. Humu ndani mimi mgonjwa. Ila ukinikunja sikio, utanijua."

Nikafunga, jasho linanitoka kama nimebeba mayai ya jirani.

Mashine ikagonga dakika arobaini na tano. Nilipomtoa akasema, "Hii inaimba tano, tano, tatu, halafu inapotea njia. Ije mazoezini."

Siku tisa tulingoja majibu. Sikuficha hata kijiko. Alhamisi nikampeleka kwaya, nikamwona akimwita Ungatea asimame karibu na ubao, anamwonyesha jinsi ya kupanga mistari. Usingizi siku hiyo sikuupata.

Siku ya majibu nilimwendesha mimi. Daktari Nandani, Mhindi wa Fiji, akageuza kioo cha kompyuta tuone.

"Hapa, na hapa. Vidoa viwili, vidogo kama ufuta. Lupus imeanza kugusa mishipa midogo, lakini tumeiwahi. Tunaongeza dawa, baada ya miezi sita tunapiga picha tena. Sehemu za kumbukumbu ni safi. Na ule mtihani wa kukumbuka maneno uliofanya siku ya picha, mama, umepata kunishinda mimi."

Shangazi akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea. "Kwa hiyo chaki nabaki nayo."

"Chaki gani?"

"Ya kwaya."

"Baki nayo."

Akasogelea kioo. "Na hivi ndivyo vilivyopeleka miwani yangu kwenye friji?"

"Hapana, mama. Hivi haviwezi kubeba miwani."

Wote wawili wakanigeukia mimi.

"Ni mimi, Shangazi," nikasema. "Na chaki."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe hutaniwi."

"Wiki tano," akasema taratibu, "nimekuwa nikiiaga akili yangu." Akamtazama daktari. "Huyu asingeificha miwani, hivi vidoa tungevijua lini?"

"Pengine mwaka ujao. Vikiwa vikubwa."

Akafikiri. "Basi kipigo nimekusamehe. Lakini Alhamisi unaimba besi. Mstari wa mbele."

Sauti yangu, mbwa wa jirani akiisikia anaingia ndani. Nikaimba hivyo hivyo saa mbili nzima. Ungatea alikuwa amerudi kwenye kiti chake, na Shangazi yuko ubaoni, namba zimenyooka.

Tulipomaliza nikaenda mlangoni. Viatu vya watu wote vipo, changu cha kulia hakipo. Nikatafuta chini ya viti, nyuma ya pazia, mpaka akina mama wakaanza kukohoakohoa. Nikafungua friji ya ukumbi. Kilikuwemo, ndani ya mfuko, kimelala kando ya sinia la viazi vikuu.

Nikageuka. Shangazi alikuwa anafuta ubao, amenipa mgongo, mabega yanamtikisika.