Tabaka la Nne

Mwalimu wa historia alikuwa na mwanafunzi mmoja asiyeandikishwa popote, naye ni dada yake mkubwa. Jioni, dada akiwa ameinamia sufuria ya mayai ya kuuza kesho yake, mdogo mtu alifanya mazoezi ya kufundisha kwa kutembea kati ya kitanda na jiko, maana chumba chenyewe kilikuwa kimoja. Wiki hizo darasa lake lilikuwa kwenye ustaarabu wa kale wa Uchina. Dada alishaujua mto mkubwa uliomeza mashamba, na viwavi wa hariri waliotafuna majani mpaka nyumba ikasikika kama inanyeshewa.

"Na huo uzi wanautoa wapi, tumboni?" aliuliza.

"Mdomoni."

"Basi jirani yetu angetuvisha mtaa mzima."

Walicheka mpaka jirani mwenyewe akagonga ukuta.

Dada alikuwa ameachia shule darasa la tano. Mama yao alipougua, ilibidi binti mmoja kati ya wawili abaki nyumbani, akabaki mkubwa. Tangu hapo aliuza mayai ya kuchemsha na karanga, na miaka mingi baadaye, mdogo wake alipopangiwa kazi, alipangiwa shule ileile ambayo dada alikuwa akiuzia langoni pake. Ni dada mwenyewe aliyesema: tukiwa pale, usinijue. Sitaki wenzako wakuone vibaya. Alipokuwa akisema hivyo, alitegemea mdogo wake abishe kidogo, hata kwa adabu tu. Mdogo wake akasema, "Sawa, dada," upesi kama mtu aliyekuja na jibu mkononi. Wakaishi hivyo. Asubuhi walitoka kwa kupishana, na langoni walipitana kama watu wa miji miwili.

Safari hii somo lilihitaji kofia, na mshonaji alikuwa dada. Kofia nyeusi za wasomi, majani yaliyosukwa kwa wakulima, utepe wa kufunga kichwani kwa mafundi. Alipomaliza aliuliza mbona kofia ni za matabaka matatu, na mazoezini yalitajwa manne.

"La nne halina kofia," mdogo wake alijibu.

"Kitambaa kimebaki, lakini."

"Halina tu, dada." Kisha akaanza kukusanya madaftari ambayo hayakuwa yametawanyika.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, kofia zikatoka zote langoni, vichwani mwa wanafunzi. Mbele alikuwa Kibonge, mteja wa kila siku wa dada, mtoto mwenye mashavu na maneno mengi. Dada aliitambua ile kofia nyeusi kwa mshono uliokwenda upande.

"Mfanyabiashara," Kibonge alisema kwa sauti nzito ya kuazima, "inama. Mbele yako kuna msomi."

"Msomi gani jedwali la saba linamtoa jasho," alisema msichana mwenye kofia ya majani.

Dada alicheka pamoja nao. Wakamweleza, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Juu kabisa wasomi, halafu wakulima, halafu mafundi, na chini kabisa wafanyabiashara, kwa sababu hawalimi kitu wala hawatengenezi kitu, wanauza jasho la wengine tu. Mwalimu ndiye aliyesema. Na kuna mfalme aliwakataza hata kuvaa hariri. Hilo nalo mwalimu alisema. Macho yote yakahamia kwenye mtandio wake.

Haukuwa hariri. Ulikuwa mtumba unaong'aa, ambao mdogo wake alimnunulia kwa mshahara wake wa kwanza.

"Vua basi," Kibonge alisema, sauti yake mwenyewe imeshamrudia.

Ulikuwa mzaha. Mwanamke mwingine angemwambia toka hapa na tumbo lako, na mambo yangeishia kwenye kicheko. Lakini dada alikuwa mtu wa kutii kwanza, kufikiri baadaye, na lile neno la mwalimu lilikuwa limemwingia kabla hajajikinga. Mkono ukapanda wenyewe. Akauvua mtandio, akaukunja vizuri, akauweka magotini. Nywele zake zilikuwa zimefumuliwa upande mmoja, upande wa pili bado zimesukwa.

Watoto wakarudi nyuma hatua moja. Walikuwa wanataka akatae.

Mwalimu alikuja akitembea haraka, kisha polepole. Aliuliza kuna nini. Akaziona zile nywele, akauona mtandio magotini, na mdomo wake ukafunguka. Dada aliliona neno "dada" likija. Aliwaona pia watoto, shingo zimenyooka, wanalisubiri. Hata baadaye hakuweza kusema aliogopa kwa ajili ya nani.

"Shikamoo, mwalimu," akawahi.

Dada ndiye aliyembeba mwalimu huyo mgongoni. Alimfuta makamasi, akamfundisha yeye mwenyewe kuamkia wakubwa, na alimfinya siku aliposahau.

"Marahaba," mwalimu aliitikia.

Kisha akawageukia watoto kwa ukali, akawaamuru wamwombe radhi mama huyu. Wakamwomba kwa pamoja, kama wanavyosoma ubaoni. Kengele ikalia, wote wakaondoka, na dada akabaki na mtandio asijue kama inafaa kuuvaa tena.

Jioni hiyo mdogo mtu alisimama mlangoni. Kila siku aliingia na shikamoo yake, hata wakiwa wamegombana. Leo aliibeba mdomoni, ikakataa kutoka. Akaingia, akaketi kitandani bila kuvua viatu.

"Sikuwaambia kwamba ni haki," alisema hatimaye. "Niliwaambia ndivyo walivyoishi. Tena niliwaambia wafanyabiashara wengine walitajirika kuliko hao wasomi. Hilo hawakulishika."

"Mbona mimi hukunifundisha?"

"Ningekufundishaje wewe, dada?"

"Kama ulivyowafundisha wao."

Mdogo wake alitazama viatu. Halafu akauliza, kwa sauti ya kulaumu kidogo, kwa nini alimwamkia. Dada akamuuliza yeye kwa nini aliitikia.

Maji ya mayai yalichemka, na hakuna aliyeinuka.

"Uliponiamkia, nilipumua," mwalimu alisema. "Ndiyo hivyo. Moyo ulitua kabisa. Halafu ndipo nikakusikia."

Dada alikuwa amejiandaa kukasirika. Badala yake uso ulimchoma, kwa sababu yeye naye alikuwa amepumua. Yale mapatano yalikuwa yake. Alimwekea mdogo wake mtego, akakaa miaka miwili akimlaumu kimoyomoyo kwa kunasa. Alizima jiko. Hawakuongea tena mpaka asubuhi, na asubuhi mdogo wake aliondoka kabla chai haijaiva.

Langoni, dada aliketi na sinia lake, mtandio kichwani. Walimu walikuwa wakiwasili. Mdogo wake alitokea kwenye kona akiwa na wenzake wawili, wakizungumza mambo ya mitihani. Akapita ng'ambo ya barabara, upande wa lango, macho mbele. Bado kidogo angeingia.

Dada alisimama. Alikuwa na jina moja tu ambalo lisingeweza kuchukuliwa kuwa la mteja, jina la nyumbani, la enzi mdogo wake alipong'oka meno ya mbele akawa anacheka kwa kuziba mdomo.

"We Pengo," aliita, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Umeondoka bila chai."

Wanafunzi wa karibu waligeuka. Kibonge aliangua kicheko, kisha akakimeza. Mwalimu alisimama palepale. Akamtazama mwenzake wa kulia, akamtazama wa kushoto, kama anayeuliza njia. Ilikuwa kitambo kidogo tu. Lakini dada ndiye aliyeulea uso ule, na kusita huko hakukumpita.

"Abee, dada," mwalimu aliitika.

Akavuka barabara. Wenzake walibaki wamesimama, mmoja akijifanya kutafuta kitu mkobani. Dada alimpa yai, naye akalimenya, maganda yakimwangukia kwenye sketi.

"Umeniaibisha," alinong'ona.

"Najua."

"Hata jana ningekuwa nimeshasema. Nilikuwa nataka kusema."

"Najua hilo pia. Kaa ule."

Kigoda kilikuwa kimoja. Dada akajisogeza ukingoni, mwalimu akaketi nusu, magoti yamebanana. Watoto waliwazunguka kwa mbali, hakuna aliyenunua kitu wala aliyethubutu kuondoka. Mwalimu alilimaliza yai lote, uso umeinama, na dada naye aliutazama mchanga, kila mmoja akisikia joto la bega la mwenzake.