Mate ya Baraka Juu ya Dishi la Ndumara

Miaka ile ya ruksa kila kitu kilikuwa kinafunguliwa: maduka, vioski, redio za watu binafsi, hata anga. Msicheke! Nchi moja ndogo iitwayo Ndumara, ndogo mpaka jogoo akiwika mpakani huku wanaamka wa mpaka wa pili, ilianzisha Shirika lake la Anga za Juu. Kwao ni bondeni, ukungu mwaka mzima, kwa hiyo wakakodi kipande cha ardhi kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu ya Makumira, waweke dishi kubwa la kunasa habari za setilaiti.

Meneja wa kituo hakuwa mwingine ila Fanuel, mtoto wa palepale. Kiwanda cha serikali kilipouzwa alipunguzwa kazini, akakaa miaka akitengeneza redio mbovu sokoni mjini. Kazi hii ilipomwangukia, akavimba kichwa. Akahamia Moshono mjini, akanunua suti, akaanza kusema Kimeru kimempotea. Kimempotea! Lugha aliyonyonyeshwa nayo.

Siku ya ufunguzi akaja Mkurugenzi Mkuu kutoka Ndumara, Dokta Twahir, pamoja na mabwana wa tai. Majirani walijaa mpaka kwenye migomba. Tekla, mama yake Fanuel, naye akateremka kutoka nyumbani kwake na kibuyu cha maziwa. Hakualikwa, lakini mama gani hualikwa kwenye kazi ya mwanawe? Kazi mpya hutemewa mate na mzazi, la sivyo ni kazi bure. Alikuwa amemsubiri Fanuel aje kuiomba baraka hiyo, akasubiri weee, mwishowe akaona isiwe tabu, amfuate mwenyewe.

Akapiga funda la maziwa, akalitemea dishi, pfuu! Manyunyu yakatapakaa kwenye bati jeupe.

Fanuel aliona wageni wakikodoa macho. Akachomoa kitambaa mfukoni, akaruka, akafuta. Akafuta mpaka pakang'aa.

Uuuwi! Wanawake walishika vichwa. Mate ya mzazi hayafutwi, jamani. Yanaachwa yakauke yenyewe. Anayeyafuta ameikataa baraka kwa mkono wake, na hilo hata mtoto anayechunga mbuzi analijua. Fanuel naye alilijua. Alilikumbuka, lakini kitambaa kikiwa tayari kimelowa.

"Kuna nini?" Dokta Twahir akauliza.

Hapo bado angeweza kujiokoa. Mkataa kwao mtumwa, lakini sikio la Fanuel siku hiyo lilikuwa limezibwa na tai.

"Samahani, mheshimiwa," akasema. "Ni bibi wa jirani tu. Kichwa chake hakijatulia."

Alisema kwa Kiswahili, na Kiswahili Tekla anakijua vizuri.

Dokta Twahir akamtazama yule mama. "Mbona kwetu bibi yangu alikuwa akifanya hivihivi kila nikisafiri?" akasema. "Tangu afariki sijapata wa kunitemea." Akavua kofia, akamwinamia Tekla mbele ya watu wote. "Mama, naomba na mimi."

Tekla akapiga funda, akamnyunyizia utosini, akamwombea kwa Kimeru: njia yake iwe nyeupe, watoto wawe wengi, kazi ya mikono yake isimame. Maziwa yakamchuruzika mkurugenzi hadi shingoni, naye hakuyagusa. Vigelegele vikapigwa.

Fanuel aliyaelewa maombi yale, neno kwa neno. Yalikuwa yake, na sasa yamekwenda kwa mtu mwingine. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakujali tena wageni wala cheo. Alitaka kitu kimoja tu, mama yake amtemee. Akajipenyeza, akainamisha kichwa palepale alipokuwa ameinama Dokta Twahir.

"Na mimi, mama," akanong'ona kwa Kimeru.

Akangoja. Hakuna kilichomdondokea. Alipoinua macho, Tekla alikuwa amekwisha kuziba kibuyu. Hakuonekana kukasirika, afadhali angekasirika. Alikunja mikono kifuani, akapiga goti kidogo, kama wanavyofanya mama zetu mbele ya mkubwa asiyewajua.

"Shikamoo, mheshimiwa," akamwambia mwanawe.

Watu wote wakangoja aitikie.