Saini ya Ishirini na Tano

Daktari mkuu wa idara ya picha aliitwa Ishirini na Tano, ingawa si mbele yake. Hizo ndizo kilovolti, kipimo cha nguvu ya mionzi, alizoagiza zitumike kwa kila titi, liwe jembamba au nene, tangu mashine iliposimikwa. Mionzi laini ya nguvu ndogo kama hiyo, alidai, hutenganisha vizuri weusi na weupe. Ni kweli, kwa titi jembamba. Katika titi nene mionzi hiyo huishia njiani: mwili huimeza, picha huambulia ukungu.

Titi la dada yangu lilipobanwa lilikuwa na unene wa sentimita saba. Ripoti aliyoisaini Mkuu huyo ilisema, "Hakuna tatizo." Saratani ilimmaliza, tukamzika mwaka uliofuata. Nikaomba kuhamishiwa ukaguzi wa mashine za mionzi, nikasubiri miaka miwili hadi zamu ya hospitali hiyo ilipofika. Machozi ya mtu sikuyahitaji. Nilitaka saini yake.

Nilifika asubuhi na tofali la plastiki la sentimita saba, mfano wa titi, ambalo ndani yake kiwandani walifukia vikundi sita vya chembe ndogo kuliko punje ya chumvi, zinazoiga dalili za saratani. Mpiga picha, mama wa makamo, akaliweka kwenye mashine.

"Nipige kwa ngapi?"

"Kama kawaida yenu, mama."

"Kawaida yetu anayo mwenyewe," alisema, akabonyeza.

Mkuu akaja, kikombe mkononi. Nilimwomba aisome picha kama ya mgonjwa yeyote, aandike, atie saini.

"Binti, unanitungia mtihani? Nilianza kusoma picha hizi wewe ukitambaa."

"Basi haitakuchosha, Daktari."

Alitazama kwa muda ambao chai yake haikupata nafasi ya kupoa. "Safi. Hakuna kitu." Akasaini.

Nikamwambia mama apige tena kwa thelathini na moja, na abadilishe kichujio cha mionzi. Mashine yenyewe iliandika kwamba mionzi iliyolipata tofali imepungua kwa theluthi. Karani aliyeleta mafaili alisimama mlangoni akakodolea skrini.

"Hizo nukta tano tano, mahali pengine sita, ni ugonjwa au uchafu wa kioo?"

Mkuu aliweka kikombe mezani.

"Umenitega," Mkuu alisema.

"Ndiyo."

Nimesoma vya kutosha kujua kwamba kisasi kikijazwa kwenye fomu huitwa ukaguzi. Kanuni iliagiza kila mwanamke wa sentimita sita au zaidi aliyepigwa picha kwa mpangilio huo aitwe upya, kwa barua iliyosainiwa na aliyeisoma picha. Barua mia moja tisini na tatu nilikuwa nimezichapa wiki iliyotangulia; fizikia haikunipa sababu ya kusubiri. Baadhi ya wanawake hao huenda wakapona. Siwezi kudai kwamba hilo ndilo lililonileta.

Alisaini hadi adhuhuri. Kwenye barua ya mwisho kalamu ikasimama. Mahali pa anwani palisomeka: makaburini, safu ya tisa, kaburi la nne.

"Hii ni nini?"

"Mgonjwa wako. Sentimita saba."

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. Tulifanana sana, mimi na dada.

"Saini, Daktari."

Akasaini. Herufi zilikuwa kama za mtu mwingine.

"Nani atampelekea?"

"Lango la makaburi hufunguliwa saa mbili asubuhi," nilimjibu. "Nitakungoja pale."