Zamu za Zibuyile

Nilimwambia meneja wazi, wala sikupunguza sauti. "Kwa hiyo moshi wa sigara ruksa, moshi wa kumwita marehemu marufuku? Hebu niambie ni sheria gani hiyo!"

"Mfanafuthi, kaka, sheria imetaja sigara. Haikutaja majani ya kufukiza. King'ora kikilia, wateja wote watakimbilia barabarani."

"Wakimbie!"

Baba mdogo Bhekisisa akanivuta shati. "We, punguza moto. Tumekuja kumchukua mtoto, hatukuja kupigana."

Dada yangu Zibuyile alianguka Jumatano, humo humo ndani ya chumba cha vioo cha ukumbi huu wa kamari tulikofanya kazi sote wawili, hapa Durban. Alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika. Kwetu mtu haachwi pale alipofia. Unamfuata na tawi la mti wa mphafa, unamfukizia majani ya impepho, unaiita roho yake ikae kwenye tawi, kisha unalipeleka nyumbani ili mwili uzikwe pamoja na roho yake. Anayeshika tawi haongei njiani na mtu yeyote ila marehemu. Mimi ndiye kaka mkubwa, kwa hiyo tawi lilikuwa langu.

Chumba chenyewe kililetwa na sheria. Wavutaji walitengewa robo ya ukumbi, wakazungushiwa vioo, na wengine wote wakapumua. Safi kabisa. Lakini mvutaji naye anataka bia yake, na bia haina miguu. Wahudumu tukapangiwa zamu za kuingia.

Mwishowe meneja alikubali, akazima king'ora kwa dakika kumi. Wavutaji walizima sigara bila kuambiwa, wakasimama kofia mikononi. Nilipiga magoti kando ya meza ya kona, macho yakiniwasha. "Zibuyile, dada, ni sisi. Twende nyumbani."

Tulipokuwa tunatoka, mhudumu mwenzetu Hlengiwe alimkumbatia mama yangu, akilia kwa kwikwi. "Pole, Mama. Miaka tisa yule anaingia mle, zamu zake na za kaka yake! Hata siku moja hakulalamika."

Tulipoketi kwenye gari la Baba mdogo, Mama alinigeukia.

"Mfanafuthi. Zamu za nani?"

Nikakazana kutazama tawi.

"Nakuuliza wewe!"

"Shemeji, mwache, ameshika tawi," Baba mdogo akasema. "Hawezi kukujibu."

Ningeweza kunyamaza. Mila yenyewe ilikuwa imenikingia kifua. Tungefika, tungezika, na swali lingepoa. Lakini Zibuyile alikuwa pale mapajani mwangu, na haki ya Mungu sikuweza kumpeleka nyumbani na uongo ule.

"Zibuyile," nikasema, "unaikumbuka barua ya daktari? Ile ya kwamba kifua changu kibovu, nisiingie kwenye moshi? Kifua changu kizima, dada. Nilichukia tu kurudi nyumbani nanuka. Na wewe ukawa unanitilia tangawizi kwenye chai kila asubuhi. 'Kunywa, kaka, kifua chako.' Nikanywa! Ulipoanza kukohoa nikakuambia ni mafua. Nilijua si mafua. Niliogopa wasije wakanirudisha mle."

Baba mdogo alisimamisha gari kando ya barabara, akafuta uso, akaliondoa tena. Mama hakulia. Alitazama nje njia nzima.

Tulipofika getini nilishuka, nikafungua mdomo kumwambia dada kwamba tumefika. Mama alikuwa ameshasimama mbele yangu. Hakunitazama. Alinyoosha mikono yote miwili, akalichukua tawi.

"Zibuyile, mwanangu, toka huko. Njoo kwa mama."

Akaingia nalo ndani, Baba mdogo nyuma yake. Dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia akimwonyesha kitanda chake, shuka zake, mahali pake. "Pumua sasa, mama. Pumua tu." Nilisimama getini mpaka jua likahama ukuta. Hakuna aliyeniita.