Mara Moja ni Simama

Kaka yangu alifunga kamera juu ya kitanda cha mama, akanywa chai yangu, akaenda zake. Tangu siku hiyo nikawa na msimamizi ambaye hajawahi kushika hata beseni.

Mama alipigwa na kiharusi kikamwachia mkono wa kushoto na masikio. Maneno yalikwenda yote. Kwa bahati, chumba chake na chumba changu cha kushonea vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu. Mama ndiye aliyenifundisha ushonaji, na hakuwa mwalimu wa kushindana na kelele za cherehani. Alikuwa na kastabani, kile kikofia cha chuma ambacho fundi huvaa kidoleni asidungwe na sindano. Akiigonga mezani mara moja, simama, unaharibu. Mara mbili, endelea. Alipougua nilimvisha kastabani yake, akawa anagonga ukuta. Mara moja, naacha kila kitu, hata kama mteja amebaki na gauni la mkono mmoja. Nakwenda, namgeuza, namnywesha maji. Akigonga mara mbili narudi kazini. Tulielewana bila umeme.

Kaka ni mkuu wa kitengo ofisini. Alisema moyo wake hautulii akiwa kazini, ndiyo maana akanunua kile kidude. Mama akijisogeza, simu yake inalia na kioo kinakuwa chekundu. Mama asipojisogeza, inaandika kwa kijani: "Ametulia." Tena kidude kina spika, kwa hiyo sauti ya kaka hushuka kutoka darini kama ya malaika aliyeamka vibaya.

"We, mbona mama anahangaika?"

"Anataka maji, kaka. Niko njiani."

"Njiani kutoka wapi? Si uko hapo hapo?"

"Nina kazi."

"Kazi gani ya kumshinda mama?"

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nilimjibu, na sikumjibu kwa adabu. Tukawa tunagombana hivyo asubuhi na mchana, mimi nimeinua shingo naitukana dari, yeye ananguruma kutoka ofisini, na mama katikati yetu amelala chali. Siku moja nilimwuliza kama amewahi kumfuta mama hata uso.

"Mimi namwona kuliko wewe," akasema. "Tangu nifunge hiyo kamera nalala usingizi. Nina amani."

Amani hiyo ilikuwa inapikwa jikoni kwangu, na mpishi alikuwa amechoka.

Kisha mama akaacha kunigongea ile mara moja ya kuniita. Nilikuwa nikienda kumtazama bila kuitwa, naye ananigongea mara mbili: endelea. Nikitaka kumgeuza, anafumba macho na kugonga mara mbili tena. Nilimfuta uso na kifua, mgongo akanikatalia. Nani angebishana na mama yake? Nikarudi kwenye sare za shule nilizokuwa nashona, na dari nayo ikanyamaza. Nilidhani kaka amepata haya.

Muuguzi anayetupitia kila wiki ndiye aliyemgeuza kwa nguvu. Kiunoni palikuwa na kidonda cha kulalia, chekundu na kibichi, upana wa kiganja.

"Mama, hiki kinauma. Kwa nini hukuita?" akamwuliza.

Mama aliinua kidole kwenda ukutani. Taa ya kamera ikawaka, na sauti ikashuka pale pale. "We! Umemfanya nini tena?" Mama akashusha mkono upesi, akafumba macho, akajikausha kama mtoto anayejifanya amelala.

Muuguzi akanitazama. "Anaogopa kujisogeza," akasema. "Kila akijisogeza mnagombana."

Nilitoka nje nikalia hadi mbavu zikauma.

Kaka alifika jioni na suti yake. Alikiona kidonda, akarudi nyuma, akatoa simu akainyoosha kama mtu anayeonyesha kitambulisho. "Lakini iliandika ametulia! Wiki nzima, ametulia!"

"Hata maiti hutulia!" nikamwambia.

Nilichukua mkasi wa kukatia vitambaa, nikapanda juu ya kiti nikate waya wa kile kidude. Nilikuwa nimeshaushika, nyuma yangu pakasikika mlio wa kastabani. Mara moja.

Nikasimama. Mama alikuwa anaitazama kamera kwa jicho la kuniomba.

"Unaitetea, mama? Hii iliyokutoboa mgongo?"

Akagonga tena, mara moja. Safari hii alikuwa ananitazama mdomo.

"Anasemaje?" kaka akauliza. Mtu mzima, na lugha ya mama yake haijui.

"Anasema ninyamaze."

Simu ikalia mkononi mwake, nyekundu. Mama alikuwa amejisogeza. Kaka akainamia kioo kumtafuta mama, na mama yuko kando ya goti lake. Nilicheka kicheko kibaya. Akainua kichwa, akaniona, kisha akamwona mama, kisha nadhani akajiona mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mama hataki waya ukatwe, na nilichukia kuelewa.

"Miezi yote hii umenisemesha mimi," nikamwambia. "Mgeuze mama, mlishe mama, mama ana nini. Yeye hujamsemesha hata neno. Anaipenda takataka hii kwa sababu sauti yako inatokea humo. Analala kimya hapo, anangoja imfikie na yeye."

Kaka aliilaza simu kifudifudi miguuni pa mama. Iliendelea kulia, hakuigusa. Akaketi ukingoni mwa kitanda, vibaya, nusura aukalie mguu wa mgonjwa. Mtu anayeongoza vikao akanitazama nimsaidie. Sikumsaidia. Nilikuwa bado juu ya kiti, na mkasi mkononi.

"Mama," akasema. "Shikamoo."

Basi. Mengine hakuyapata.

Mama aliinua kidole. Kastabani ikagonga ukuta mara mbili.

Kaka akageuka kwangu, uso umelowa. "Mara mbili ni nini?"

"Anasema endelea," nikamwambia, na sikumwambia kwa upole.