Bawa Moja na Magazeti Yake Manne

Katika mtaa wetu hakuna anayemjua Bawa Moja kunizidi mimi. Nalisema hilo mchana kweupe. Ni kweli pia kwamba katika mtaa wetu hakuna mwingine anayemsoma, na wapo wanaodhani ni jina la dawa ya mende.

Bawa Moja ni shujaa wa magazeti ya katuni. Anaruka kwa bawa moja, kwa hiyo huenda upande upande kama kuku aliyepigwa jiwe, na bado anaokoa watu. Alianza kuokoa watu mwanangu akiwa darasa la tatu na mpaka leo hajaota hata mvi moja. Nimezeeka mimi kwa niaba yake.

Shida ni kwamba hatoshi kwenye gazeti moja. Kila mwezi yanatoka manne: lake mwenyewe, la yeye na wenzake, la mji wake, na la adui wake, maana siku hizi hata adui ana gazeti. Hadithi inaanzia la kwanza; akikaribia kupigwa kichwani, kuna kisanduku chini ya ukurasa kinachokuambia uende la pili. Ukikosa moja umepotea. Muuza magazeti wa pale kona ananiwekea yote manne chini ya meza yake.

"Bibi, wenzako wananunua yale yenye matangazo ya vifo," aliwahi kunitania.

"Hao wanatafuta majina ya marafiki zao," nikamjibu. "Mimi wangu nimeshawamaliza."

Mwenye kuyapenda hasa ni mwanangu. Ni fundi wa lifti, yuko mbali, mpaka upande ndege mbili. Miaka sita iliyopita aliniambia huko hayauzwi. "Nisomee wewe, mama," akasema. Tangu hapo hupiga simu Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni. Nayapanga kitandani kwa zamu, navaa miwani, nasoma. Penye picha tupu naeleza: hapa jengo linaanguka, hapa ameshika kiuno. Saa nzima. Niliishia darasa la saba, lakini natoa sauti za watu wote, hadi ya mbwa.

Sitajipamba. Mwezi mzima maneno yangu ni "nipe mkate" na "rudishia mlango". Saa ile moja ndiyo naongea. Kuna Jumapili sauti inaanza kwa kukwaruza, kama bawaba ya chumba kisichoingiwa na mtu. Na sina mwingine wa kumpigia. Kwa mwanangu wapo wawili tu, yeye na mkewe, na huyo mkwe wangu tangu ndoa tumepeana salamu zisizojaza kijiko. Niliona hanipendi, nikamwacha.

Mwezi uliopita nilikosea. Niliyapanga kabla ya kuvaa miwani, la tatu likatangulia la pili. Bawa Moja akatoka kwenye mgodi ulioporomoka, akaoga, akala na wenzake, halafu ndipo akaingia mgodini ukamporomokea. Niligundua wakati wa kuyarudisha sandukuni. Mwanangu alikuwa ameshasema, "Tamu sana, mama," na kukata simu.

Nikakaa kitandani. Huyu ni mtoto ambaye akiwa na miaka tisa alininunia siku tatu kwa sababu niliruka ukurasa mmoja niwahi chungu jikoni. Siku ya tatu nilimsomea ukurasa ule kupitia tundu la ufunguo ndipo akafungua. Leo mtu anatoka shimoni kabla ya kuingia, naye kwake ni tamu sana. Likanijia swali nisilolitaka: miaka sita hii, kuna mtu upande wa pili, au nauhadithia ukuta?

Mwezi huu nikayasukuma yote manne chini ya mto. Simu ikalia saa kumi. "Haya mama, anza," akasema.

Nikaanza, kutoka kichwani. Bawa Moja amechoka kuokoa watu wasiomkumbuka hata kwa salamu. Amemuuzia bawa mtengeneza mito. Amefungua saluni ya kunyoa, na mteja wa kwanza ni adui wake. Anamnyoa ndevu, wanalia wote wawili. Kisha anamwoa shangazi wa adui, mwanamke mzuri, tatizo magoti tu. Nikinyamaza nasikia "mmh" ndogo, basi naongeza. Nilikuwa naomba anikatize, aseme mama una wazimu. Hakuna aliyenikatiza. Nikawazalisha mapacha, nikamaliza.

Nikasikia mlango, hatua, na sauti ya mwanangu ikasogea huku anahema.

"Tamu sana, mama."

"Umesikia yote?"

"Neno kwa neno. Nimekaa hapa hapa kwenye kiti."

"Wapi pamekupendeza?"

"Pale alipopigana."

"Na nani?"

"Si na yule... adui wake. Alivyompiga vile."

"Alimnyoa," akasema mwanamke. Alikuwa mkwe wangu, karibu na simu kuliko mume wake. "Shikamoo, mama. Huyu simu huiacha mezani, sauti juu. Nasikiliza mimi, nikikunja nguo. Mwezi uliopita ulitanguliza gazeti la tatu, nikaona haya kukukatiza. Lakini hii ya saluni umeitunga, sivyo?"

"Marahaba. Nimeitunga," nikasema. "Na yeye huwa wapi?"

"Nje. Anaosha gari."

"Naosha hapa dirishani, mama," mwanangu akadakia. "Mkono unaosha, sikio liko ndani. Dirisha huwa wazi."

"Dirisha lipi?" mkewe akamuuliza. "Hilo halijafunguka tangu tuhamie."