Bado ya Kula, Bado ya Kuoa

Kwetu Muheza kulala magharibi ni mwiko, na ukilala unaamshwa kwa mwiko, ule wa ugali, wa mgongoni. Mama mkubwa anasema jua linapozama ndoto za watu zinapishana mlangoni, na aliyelala anaweza kubebeshwa isiyo yake. Mimi siku hiyo nililala. Sikilizeni nilichokiona, maana mpaka leo nikipita karibu na goli lolote natazama juu kwanza.

Kwanza mjue hali yangu. Naitwa Sekiondo. Nimemaliza shule, matokeo yametoka, si ya kujisifia wala ya kulilia, na tangu hapo nipo tu kwa mama mkubwa nazunguka kama kuku aliyefungwa mguu. Nikienda kununua chumvi naulizwa, "Vipi, umepata chuo?" Bado. Nikirudi na chumvi, "Kazi je?" Bado. Hilo neno nimelisema mpaka limechacha mdomoni. Na Mhina, mtoto wa mama mkubwa, ndugu yangu ninayelala naye chumba kimoja, haniachi. Kila nikisema bado ananiuliza, "Bado ya kula au bado ya kuoa?" Maana mnajua wenyewe: ukiulizwa umekula ukajibu bado, sufuria ipo jikoni inachemka. Lakini mjomba wetu ana mvi kichwa kizima, kila harusi anaulizwa kama ameoa, anajibu bado, kwa sababu tu kusema hapana ni kujitakia nuksi. "Yako ya kuoa hiyo, Seki," Mhina anacheka. "Ya mjomba kabisa."

Sasa huyo Mhina ni mpira. Yuko chuo cha ufundi anasomea kuchomelea vyuma, lakini mji unamjua kwa jezi namba nane. Timu nzima inapita kwake. Akipokea mpira katikati, watu wanasimama kabla hajaupiga, wanajua kuna mtu huko mbele anaandaliwa sahani mezani. Ndipo akaja Kocha Lipangile, anayetafuta vipaji kwa ajili ya timu moja ya ligi kuu, mtu mrefu, mkimya, anayetazama mechi huku anatafuna kijiti cha meno. Dirisha la usajili lilikuwa linakaribia kufungwa. Mechi ya siku hiyo ilipoisha akanivuta pembeni, nyuma ya gari lake.

"Wewe ndiye ndugu yake?"

"Ndiyo, kocha. Shikamoo."

"Marahaba. Mguu wake nimeuona, sihitaji kuambiwa. Nataka kumjua mwenye mguu. Nimemuuliza mwalimu wake, anafaa. Muuza maji, anafaa. Hata refa, anafaa! Huu mji wote hauna mtu mwenye jibu jingine? Wewe unalala naye, unacheza naye chandimu za mtaani. Baada ya isha napita kwenu nikiwa naondoka. Neno moja tu: anafaa au hafai. Usinipe hadithi."

Shida ni kwamba kweli nilikuwa nakijua kitu. Mwaka jana Mhina alipigwa kiwiko cha uso, na tangu hapo akibanwa kutoka bega la kushoto anafumba macho. Kidogo tu, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Mpira unafika, maana alishaangalia kabla, na watu wanashangilia. Huku kwetu hakuna wa kumbana mara mbili. Lakini huko ligi kuu, mbele ya uwanja uliojaa, na yale mabeki yenye shingo kama magunia? Nikisema anafaa, nampeleka machinjoni. Nikisema hafai, namfungia mlango alioutafuta tangu anacheza mpira wa makaratasi. Nikarudi nyumbani nikamkuta mama mkubwa anachambua mchele wa pilau. "Mwanangu, kocha kanipigia simu, kasema neno lako ndilo analisubiri," akaniambia, uso unang'aa. "Kamsemee mwenzio vizuri." Nikaingia chumbani. Kichwani kulikuwa na sauti inauliza: na wewe Seki, hicho unachokijua ni ukweli au ni wivu wa mtu asiye na pa kwenda? Nikajitupa kitandani, jua linazama, muadhini anaanza, na mimi huyoo nikazama nalo.

Nikajikuta uwanjani. Si uwanja wa huku duniani. Majukwaa yalizunguka mpaka yakakutana, hayana pengo wala geti, na mbingu ilikuwa imefunikwa juu yake kama mfuniko wa sufuria, nzito, ina jasho. Kila nilipopanda jukwaa kutafuta njia nikashukia kwenye nyasi zilezile. Kila kichochoro nilichoingia kilinirudisha palepale, mstari wa kati, kama maji yanayorudi kwenye beseni. Watu walikuwa wengi na kila mmoja ana kamba ya kupimia shingoni, anampima mwenzake kifua, paja, unyayo, mpaka kivuli. Nikamuuliza mmoja hii ni nchi gani. Akapima mdomo wangu kwanza, halafu akajibu, "Nchi ya Vipimo. Karibu. Kutoka hujaulizia bado, utaulizia."

Nikamwona Sifa. Jitu lenye mdomo mkubwa, masikio halina, limeshika pampu ya baiskeli. Vijana wamepanga foleni wenyewe, wanacheka, na Sifa anawajaza upepo mmoja mmoja, "Mkali wewe! Hujapata kutokea!" Wanavimba, wanapaa, wanakwenda kukwama kwenye ule mfuniko wa mbingu, wanagonga-gonga vichwa huko juu na hakuna anayejua kuwashusha. Pembeni yake binti mmoja hatulii, anaitwa Pupa, anachuma machungwa mabichi na kuyapaka rangi ya njano kwa brashi. "Yameiva haya, yameiva, kula!" ananisukumia. Nikalila moja, meno yakafa ganzi yote.

"Achana nao hao," mtu akaniambia, akanishika kiwiko. Nikageuka. Alikuwa amevaa fulana yangu, ile yenye tundu begani, na sura yake sikuikataa, ni kama ya kwangu nikijiangalia kwenye kijiko. Sauti tamu ajabu. "Mimi naitwa Ukweli. Maadui zangu wananisingizia jina jingine. Njoo nikuoneshe kazi yako."

Akaniongoza mpaka golini. Kumbe lile goli si goli, ni mizani. Mtambaa wa panya, ule mti wa juu wa goli, ndio mti wenyewe wa kupimia, na kila upande inaning'inia sinia kubwa kwa minyororo. Kwenye sinia moja alikaa Mhina, na jezi yake, kimya, mikono magotini kama mtu anayesubiri kunyolewa. Kabla sijauliza kitu nikawa nimekalishwa kwenye sinia la pili. Chini yetu nyasi zikafunguka shimo, na ndani yake wamekaa Waliosahaulika, njumu zimefungwa kamba tayari, wanasimuliana magoli ya zamani bila kusikilizana. Na sauti ya kocha ikatoka kwenye majukwaa yote kwa pamoja: "ANAFAA AU HAFAI?"

Nikataka kushuka, miguu haipo. Nikataka kupiga kelele, jinamizi likakaa kifuani, zito kama gunia la mahindi mabichi. Nikajitutumua, nikatoa nusu ya neno: "Haf..." Palepale sinia la Mhina likaanza kushuka kuelekea shimoni, na la kwangu likapanda. Likapanda taratibu, kaupepo kananipiga usoni. Na nikasikia raha. Ndugu zangu, sitawaficha, nikasikia raha. Nikatazama chini, yule mwenye fulana yangu ananipigia makofi huku anazunguka, na nyuma ya fulana nikaona jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa: WIVU. Nikashtuka, nikameza neno lote.

"Anafaa!" nikasema haraka, si kwa sababu naamini, ila nifute ile raha. Masinia yakageuka. La kwangu likaporomoka mpaka nikanusa udongo wa shimo, mikono ya Waliosahaulika ikanishika vifundo vya miguu, "Karibu, karibu, sisi tulikuwa wakali." Juu kule Sifa ameshachomeka pampu, na Mhina anavimba shingo, na bega lake la kushoto linatetemeka, na nikaona, kutoka kule chini nikaona wazi, amefumba macho. Nikanyamaza. Masinia yakasimama hewani, mimi huku, yeye kule, mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki. Watu wa kamba wakaketi kungoja, kana kwamba wana maisha yote.

Ndipo nikamwona mwanamke chini ya nguzo ya goli, kwenye kigoda, anajisuka nywele. Upande mmoja wa kichwa umesukwa safi, mistari imenyooka kama matuta. Upande wa pili umesimama timu-timu. Wapita njia wanamtania, "We dada, hujamaliza tu?" Anawajibu bila kuinua macho, "Bado." Wanaangua kicheko. Wanarudi, wanauliza tena. "Bado." Wala sauti yake haikubadilika hata kidogo.

"Dada," nikamwita, "nishushe."

"Sishushi mtu," akasema. "Mimi nasuka tu. Unanijua?"

"Sikujui."

"Unanijua. Kila siku unanitaja ukiwa umeangalia viatu vyako. Mimi ndiye Bado." Akagawa nywele kwa kitana, pole pole. "Hawa wapimaji hawanipendi kwa sababu kamba yao inaishia nilipofika mimi. Wanataka kichwa kilichosukwa au kichwa kisichosukwa. Hiki chenye mkono ndani yake, wanakiona kichekesho. Sasa nikuulize. Mtu akisema bado wakati hajashika hata kitana, huyo anasema nini?"

"Anadanganya."

"Anajificha ndani ya jina langu. Wengi wanajificha, na mjomba wako yumo. Akisema bado na vidole vimo kwenye nywele?"

Nilikuwa nimeelewa, lakini kulielewa neno hakukutosha. Ilibidi nilitoe, na jinamizi bado limekalia kifua. Nikamtazama Mhina kule juu. Nikamtazama yule Wivu mwenye fulana yangu, naye akatikisa kichwa, usiseme, usiseme, ukisema hatutakuwa na la kugombania. Nikavuta pumzi yote iliyokuwemo.

"Bado!"

Mtambaa wa panya ukalia kama bawaba kavu. Masinia yakaanza kwenda, la kwake likishuka, la kwangu likipanda, yakakutana katikati, yakalingana. Nikawa uso kwa uso na Mhina kwa mara ya kwanza. Akafumbua macho. Akafungua mdomo aniambie kitu, na hapo kitu kikanichapa mgongoni, paa!

"Magharibi mpaka isha! Nimekwambia mara ngapi?" Mama mkubwa, na mwiko wake. "Amka, kocha yuko uani!"

Nikatoka nikiwa na jasho na shuka shingoni. Nje giza limeingia, taa ya jikoni inawaka, pilau inanukia mpaka barabarani. Kocha Lipangile amesimama, ufunguo wa gari mkononi, hakutaka hata kiti. Mhina kwenye mlango wa jikoni ameinama anajifanya anafunga kamba za viatu, na amevaa malapa.

"Haya, kijana," kocha akasema. "Anafaa au hafai?"

"Bado, kocha."

Mwiko ukasimama hewani. "Bado nini?" mama mkubwa akauliza.

"Akibanwa kushoto anafumba macho," nikasema. "Tangu apigwe kiwiko. Pasi inafika kwa sababu alishaangalia kabla. Kwa huku kwetu inatosha. Kwa huko kwenu, bado."

Kocha akatoa kijiti mdomoni. Akamgeukia Mhina. "Kweli?"

Mhina akayatazama malapa yake. "Kweli, kocha."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, kocha. Ulimuuliza muuza maji."

Kocha akacheka puani, kidogo tu. "Dirisha dogo la usajili nitapita tena hapa. Nikikuta unafumba, gari halisimami." Akamuaga mama mkubwa kwa heshima, akakataa pilau, akaondoka.

Chakula kilipakuliwa. Mimi nikapewa ukoko. Sikulalamika, niliutafuna kipande kipande, na katika kuutafuna nikaelewa kwa nini nchi ile haikuwa na geti. Geti lake ni neno ambalo nimekuwa nalitamka huku naona aibu, sijashika kitana. Mhina alikula bila kuniangalia. Akanawa. Akakaa muda mrefu anakausha vidole kimoja kimoja, mpaka nikajua leo nitalala kibarazani.

"Seki," akasema mwishowe. "Ile bado uliyomwambia. Ya kula au ya kuoa?"

Nikauona ule upande wa timu-timu, na kitana kinagawa. "Ya kula," nikamwambia.

Akainuka, akautoa mpira uvunguni, akaenda kusimama uani chini ya taa, kanipa mgongo. "Basi njoo kushoto. Na uje kwa nguvu, usinionee huruma."

Nikamvaa. "Umefumba!"

"Najua. Rudi."

Nikarudi mpaka ukutani, nikaja mbio, bega langu likaingia kwenye bega lake, kiwiko changu kikapita karibu na shavu lake mpaka nikasikia joto la uso. "Umefumba?"

"Bado!" akapiga kelele, na mpira ukaondoka mguuni mwake ukaenda kugonga ndoo ya mama mkubwa, katikati kabisa.